Neno Huja Mwisho: Kumfundisha Mbwa Kutulia kwa Ishara

Mbwa wawili wamelala sakafuni. Wa kwanza amejilaza kifudifudi, viwiko vimegusa chini, miguu ya nyuma imekunjwa sawasawa chini ya kiuno, shingo imesimama, masikio ameyatega na macho hayabanduki kwenye mkono wenye chakula. Huo ndio mkao wa kula hasa. Wa pili ameegemea nyonga moja, miguu ya nyuma yote imetokeza upande mmoja, kidevu kimekaa sakafuni, na sikio moja limeanguka wala hana habari nalo. Ukiuliza, wengi watakwambia mbwa wote wawili wametii, na ni kweli. Lakini aliyetulia ni mmoja. Mlango ukibishwa sasa hivi, wa kwanza atakuwa amefika kabla hodi ya pili haijapigwa. Wa pili itabidi kwanza ajikunjue, akusanye miguu, ndipo ainuke.

Fundo la somo hili liko hapo. Mbwa anaweza kuamriwa alale chini, ila hawezi kuamriwa atulie. Kulala chini ni kazi ya misuli anayoitawala mwenyewe. Kutulia ni mapigo ya moyo kushuka, pumzi kurefuka na homoni za hekaheka kupungua kwenye damu, mambo ambayo hata binadamu hayatimizi kwa kuambiwa. (Nani aliwahi kuambiwa "tulia" akiwa amefura kwa hasira, akatulia?) Kwa hiyo yanayofundishwa ni mambo mawili, na mpangilio wake haugeuzwi: kwanza mwili wa mbwa uizoee njia ya kushuka, kisha neno lifungwe kwenye njia hiyo. Wengi wanaokwama wameanza na neno.

Neno hupataje nguvu

Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, hakumfundisha mbwa yeyote kudondokwa na mate. Mate yalikuwapo tayari. Alichofanya ni kutanguliza sauti kabla ya chakula, tena na tena, hadi sauti peke yake ikawa inayatoa. Neno la utulivu hupikwa kwenye chungu hicho hicho. Halimfundishi mbwa kitu kipya. Linachukua hali ambayo mwili wake unaijua na kuwa kitangulizi chake.

Kutokana na hapo tunapata masharti ambayo hayana mjadala. Neno litangulie hali, lisije pamoja nayo wala baada yake. Liwe la kazi hiyo tu. Na kila linapotamkwa, hasa katika wiki za mwanzo, kinachofuata kiwe utulivu kweli, si mara nyingine utulivu na mara nyingine vurugu.

Sasa tazama yanayotokea nyumbani. Mgeni anabisha hodi, mbwa anaruka na kubweka, watu watatu wanapiga kelele, "Tulia! Tulia wewe!" Mlango unafunguliwa, fujo inazidi. Kesho yake tena. Mbwa huyo amefundishwa vizuri sana, ila kinyume: kwake "tulia" ni tangazo kwamba mambo yanakaribia kuchemka. Ndiyo maana ni busara kulistaafisha neno hilo na kuchukua lingine ambalo halijachafuka. "Shwari" linafaa: ni fupi, lina sauti laini inayoweza kuvutwa, na si neno ambalo watu hulipigia kelele. Katika makala haya tutatumia hilo. Ukipenda lingine, hewala, mradi nyumba nzima ikubaliane nalo na watoto wasilifanye mchezo.

Kuna njia mbili za kuufikisha mwili kwenye utulivu, na huku ndiko mafundisho mengi yanakochanganyana. Ya kwanza ni ya Pavlov mtupu: neno, halafu kitu kinachomlegeza mbwa chenyewe, kama vile kupapaswa taratibu. Mbwa hatendi lolote, anatendewa. Ya pili ni ya malipo: mbwa anajilegeza mwenyewe, hata kidogo tu, nawe unamlipa, mpaka kujilegeza kunakuwa mazoea. Hazipingani. Mbwa anayependa kuguswa hufaidika na zote mbili, na asiyependa hupitishwa kwenye ya pili peke yake.

Hapo huzuka swali la haki: chakula si kinamsisimua? Kinamsisimua, kikitolewa vibaya. Kipande cha nyama kilichorushwa hewani na sifa tele za sauti ya juu ni sherehe. Punje ya chakula chake cha kila siku iliyowekwa sakafuni kimyakimya, katikati ya miguu yake ya mbele, ni jambo jingine kabisa.

Kuusoma mwili

Huwezi kulipa usichokiona. Kabla ya somo lolote, tumia siku mbili tatu kumtazama mbwa wako akiwa amepumzika bila kuombwa, maana kila mmoja ana namna yake ya kulegea.

Anza na nyonga. Zikiwa sawa chini ya mwili, mbwa yuko tayari kuondoka. Zikilalia upande mmoja, ameamua kukaa. Kisha kidevu, ambacho hushuka kwa hatua: kichwa juu, kichwa usawa wa mgongo, kidevu juu ya mguu, kidevu sakafuni. Macho hupepesa polepole na kuwa madogo. Ngozi ya paji la uso hupoteza mikunjo. Pembe za mdomo, ambazo mbwa mwenye wasiwasi huzivuta nyuma, hulegea. Mkia hukaa ulipoangukia. Na mara nyingi huja ile pumzi moja ndefu inayotoka puani kwa mshindo mdogo, kana kwamba ametua mzigo. Hiyo usiikose.

Pumzi ndicho kipimo kisichodanganya sana. Hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Mbwa mwenye afya aliyepumzika huwa kati ya mara 10 na 30 kwa dakika, na akilala usingizi huwa chini ya 30. Ukihesabu leo kabla na baada ya zoezi, utakuwa na ushahidi badala ya hisia. Kutweta kwa joto hakuhesabiwi. Subiri pawe na ubaridi.

Ziko dalili zinazowapotosha watu. Mwayo na kujilamba midomo wakati hakuna chakula vinaweza kuwa dalili ya wasiwasi. Kugeuza uso pembeni vivyo hivyo. Ishara moja haitoshi. Angalia zinavyokuja kwa kundi. Mwayo pamoja na nyonga iliyolala na macho mazito ni usingizi. Mwayo pamoja na mdomo uliobanwa na masikio yaliyolazwa nyuma ni mbwa anayetamani zoezi liishe.

Yanayotangulia somo

Mbwa aliyekosa usingizi hafundishiki utulivu, sawa na mtoto aliyepitiliza saa ya kulala. Mbwa mzima hulala karibu saa 12 hadi 14 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa vipande vipande wa mchana; mtoto wa mbwa hufika 18 hadi 20. Yule mtoto anayekimbia kama aliyepagawa jioni na kung'ata miguu ya watu mara nyingi hana nguvu za ziada za kumaliza. Amechoka kupita kiasi, na dawa ni pembe tulivu na giza kidogo, siyo mchezo zaidi.

Maumivu nayo huvaa vazi la ukorofi. Sikio lenye uambukizo, ngozi inayowasha, nyonga inayouma, tumbo lisilotulia: mbwa wa namna hiyo hulala, huinuka, hugeuka, hulala tena, na mwenye mbwa hudhani ni kiherehere. Kama mbwa aliyekuwa mtulivu amebadilika ghafla, au kama hawezi kukaa mkao mmoja hata usiku, aanze kwa daktari wa mifugo.

Halafu kuna dhana kwamba mbwa mwenye papara achoshwe kwa kukimbizwa. Kurushiwa mpira mara 60 kila siku humjenga mwanariadha, naye mwanariadha wa leo kesho atahitaji mara 80. Juu ya hayo, kila mbio hupandisha adrenalini, na homoni ya kotisoli inayofuata nyuma yake hukawia kushuka, saa moja au zaidi. Matembezi ya taratibu ambamo mbwa anaachiwa kunusa kila anachotaka humwandaa kwa somo kuliko mbio. Kutafuna na kulamba pia husaidia. Kwa hiyo panga zoezi baada ya matembezi, akiwa ameshajisaidia, wala asiwe na njaa kali wala tumbo lililojaa.

Tandiko, kamba na punje

Tafuta tandiko lisiloteleza, la kumtosha mbwa kulala ubavu na miguu ikiwa imenyooshwa. Litatolewa wakati wa zoezi na kukunjwa baada yake. Likibaki sakafuni siku nzima likachezewa na kukojolewa, haliwi tena ishara ya kitu. Andaa punje 20 hadi 30 za chakula kikavu, au vipande vya chochote anachokula kwa adabu, kila kimoja kisizidi ukubwa wa punje ya dengu, na uviondoe kwenye posho yake ya siku. Akikipenda chakula hicho kupita kiasi, shuka daraja. Kwenye masomo mengine chakula kitamu ni silaha. Hapa ni kizingiti.

Kaa kwenye kiti, mahali ambapo mbwa amezoea na hapana pilikapilika. Mfunge kamba ya kama mita 2, ukanyage sehemu yake chini ya mguu huku ukimwachia nafasi ya kutosha kusimama, kugeuka na kulala bila kuvutwa. Kamba ipo kumzuia asiende kuzurura, basi. Ikimvuta shingo chini, umeshaharibu. Kwenye chumba kilichofungwa unaweza kuiacha kabisa, na kwa maoni yetu ni bora zaidi, kwa sababu zitakazoelezwa aya za mbele.

Weka tandiko. Akilikanyaga, weka punje juu yake. Akikaa au akilala, weka nyingine. Usiseme kitu. Ukimya wa mwalimu ni nusu ya somo, kwa kuwa mbwa aliyezoea kuamriwa hukaa akingoja amri ifuatayo, na kungoja si kupumzika.

Akishakubali kulala kwenye tandiko kila mara, ambako kwa wengi huchukua vikao viwili au vitatu, bei inapanda. Kulala peke yake hakulipwi tena. Sasa unalipa badiliko: nyonga ikianguka, punje moja. Kichwa kikishuka kidogo, punje. Akishusha pumzi ndefu, punje mbili, moja baada ya nyingine. Mwendo wa mkono ndio unaoamua kama zoezi litafaulu. Usitie mkono kwenye mfuko wa chakula kabla ya tendo, maana macho yake yataganda pale. Punje ziwe kwenye kibakuli upande asiouona, au kiganjani, mgongoni. Mkono ushuke polepole, uweke punje sakafuni katikati ya miguu ya mbele, karibu na kifua kuliko na pua, ili apate kuila bila kuinuka na kichwa kikiwa tayari kimeelekea chini. Kisha mkono urudi polepole vile vile.

Mwanzoni lipa kila baada ya sekunde 3 hadi 5. Akipata mwendo, nenda 8, rudi 4, nenda 12, rudi 6. Vipindi visivyotabirika humzuia asihesabu. Kikao kimoja kisizidi dakika 5 hadi 10. Viwili kwa siku vinatosha. Akiinuka, usimkemee wala usimsukume. Tazama pembeni, subiri. Akirudi mwenyewe, usimlipe papo hapo. Mwache atulie sekunde chache kwanza, la sivyo atajifunza mchezo wa kuinuka na kurudi ili alipwe. Mbwa wepesi wa akili huugundua mchezo huo mapema ajabu.

Kumaliza nako kuna adabu zake. "Haya," kwa sauti ile ile ya chini, kisha tupa punje moja hatua mbili kutoka kwenye tandiko, kunja tandiko, mambo yameisha. Ukimaliza kwa kelele na kumkumbatia, zoezi zima litageuka kuwa dakika kumi za kuisubiri sherehe ya mwisho.

Neno linaingia lini

Linaingia siku unayoweza kuweka dau. Ukitandika tandiko mara 10 na katika mara 8 mbwa akaangusha nyonga na kushusha kichwa ndani ya dakika moja bila kushawishiwa, wakati umefika. Kabla ya hapo neno halina cha kushika.

Mtazame. Unapoona anakaribia kulegea, sema "shwaari," mara moja, chini, ukiivuta kidogo. Nyamaza. Ngoja alegee. Ndipo mkono ushuke na punje. Kosa la kiufundi linaloua masomo mengi ni kusema neno huku mkono tayari unatembea: mbwa husoma mwendo vizuri kuliko maneno, kwa hiyo ataufuata mkono na neno litapita tu. Acha sekunde nzima kati ya neno na kitu kingine chochote. Usilirudie. Likisemwa mara tano, ishara inakuwa ni la tano.

Kwa njia ya mkono, ile ya kupapasa, chagua saa ambayo mbwa tayari ana usingizi, kwa kawaida usiku. Pima kwanza kama anaitaka: mguse kifuani au begani kwa sekunde 3 hadi 5, ondoa mkono, tazama. Akiusogelea mkono au akijiegemeza, endelea. Akiganda bila kugeuka, akijilamba mdomo au akisogea, hataki. Mshukuru kwa jibu na uachane nayo. Anayetaka, sema "shwari", ngoja sekunde moja, kisha vuta kiganja chote kutoka begani hadi kiunoni, polepole kadiri ya pumzi yake moja, kwa uzito wa mkono bila kubonyeza. Kupigapiga mgongo kama unayempongeza mtu humwamsha. Kichwani juu napo wengi hawapapendi. Dakika mbili, neno likitangulia kila mpapaso wa tatu au wa nne hivi. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili kabla hujalitumia neno mahali pengine popote.

Kulitoa neno sebuleni

Mbwa aliyetulia sebuleni na wewe ukiwa umeketi anajua kutulia sebuleni na wewe ukiwa umeketi. Ukisimama tu, kwake ni somo jipya. Vipo vitu vitatu vya kuongeza, yaani muda, umbali na vishawishi, na kanuni ni kwamba ukipandisha kimoja, viwili vinashuka. Ukitaka kujaribu hatua tatu mbali naye, iwe kwa sekunde moja. Ukitaka kugonga ukuta kama mgeni, uwe karibu kabisa na ugonge kwa kidole kimoja.

Daktari wa tabia za wanyama Karen Overall, wa Marekani, aliandaa ratiba ya siku 15 ambayo inajulikana sana kwa wakufunzi: mbwa ametulia mahali pake huku mtu akihesabu sekunde, akirudi nyuma hatua moja, akipiga makofi, akienda mlangoni, akitoweka kidogo, na vitendo vinapanda ugumu siku hadi siku. Ni ratiba nzuri na inakupa orodha ya vishawishi ambavyo peke yako usingevifikiria. Tatizo ni watu kuipitia kama orodha ya kuweka alama ya vema: makofi tayari, mlango tayari, na mbwa muda wote yuko kwenye mkao wa kula, misuli imekaza. Huyo amefundishwa kutoondoka. Siku moja ya ratiba ikihitaji siku nne, itumie siku nne.

Fuatana na mwili wake kwenye kila kishawishi. Ukipiga kofi, sikio likageuka kisha likarudi, kiwango ni sawa. Nyonga zikijinyoosha, kofi lilikuwa kubwa. Akianza kunyakua punje kwa meno wakati jana aliiokota kwa midomo, joto limepanda hata kama bado amelala. Hiyo ni dalili ndogo ambayo wengi huipuuza na ni ya kuaminika kweli. Akikataa chakula kabisa, mmeshavuka mpaka: mtoe hapo.

Na hapa ndipo penye kishawishi cha mwalimu mwenyewe: kulitumia neno wakati wa moto. Mbwa mwingine anapita, wako amesimama kwa miguu ya nyuma anabweka, nawe unasema "shwari, shwari". Neno ni kama akiba. Kila linapotamkwa likafuatwa na mwili kushuka, umeweka. Kila linapotamkwa mwili ukiwa unachemka na haukushuka, umetoa. Akiba ya wiki tatu inaweza kuliwa kwa jioni moja. Wakati wa moto, kwanza umbali: geuka, ondoka naye, mwache anuse nyasi hadi mkia na masikio virudi kawaida. Damu ikipoa nusu, ndipo useme neno, lisaidie nusu iliyobaki.

Kimya kingi kina mshindo

Mbwa anayelia au kubweka kwenye tandiko katika siku za mwanzo huwatisha watu. Kwa kawaida anadai: kubweka kuliwahi kumletea kitu, sasa hakuleti, basi anaongeza sauti kabla hajaacha. Ongezeko hilo hutarajiwa. Ukimlipa katikati yake, umemfundisha kwamba bei mpya ni kubweka zaidi. Lakini jiulize pia kama vipindi vyako ni virefu mno. Mbwa anayedai mara kwa mara huwa analipwa kwa nadra mno. Rudi kwenye sekunde 3.

Wa kumhofia zaidi ni yule asiyesema kitu. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio, ambayo leo yangekataliwa kwa ukatili wake, yaliyoonyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuziepuka baadaye walikaa tu na kuzivumilia hata pale walipowekewa njia ya kutoka. Kwa mbali walionekana watulivu. Mwaka 2016 waandishi hao hao, wakitumia elimu ya ubongo iliyopatikana katikati, waliligeuza fasiri lao: kukaa bila kujitetea ndiyo hali ya asili ya mwili mbele ya taabu isiyoisha, na kinachofundishwa ni kule kujua kwamba una mamlaka juu ya yanayokupata.

Kwa mwenye mbwa, hilo lina maana ya moja kwa moja. Kumlaza mbwa chali kwa nguvu na kumshikilia mpaka "akubali", kumnyonga kwa kamba, kumfungia kwenye kizimba akiwa analia mpaka anyamaze: vyote vinaweza kuzaa kimya, na kimya hicho hakina utulivu ndani yake. Mbwa wa namna hii hujulikana kwa mwili mgumu, mdomo uliofungwa, weupe wa macho unaoonekana pembeni, mkia uliobanwa, na zaidi ya yote, ukimwachilia hainuki. Ndiyo sababu tulisema ni bora kuiacha kamba pale chumba kinaporuhusu. Mbwa anayejua kwamba anaweza kuondoka kwenye tandiko, na akachagua kubaki, ana kile ambacho wale wa 1967 walinyang'anywa.

Jambo jingine linalohusiana: kumfariji mbwa mwenye hofu hakumfundishi hofu. Hofu ni hali, haiongezeki kwa kulipwa kama kukaa au kutoa mguu. Radi ikipiga naye akakufuata, mpe mbavu zako aegemee. Usitumie tu "shwari" hapo mpaka neno liwe na miezi ya mizizi.

Wapo mbwa ambao somo hili peke yake haliwatoshi: anayejeruhi makucha kwa kukwaruza mlango akiachwa peke yake, anayeng'ata, asiyeweza kula wala kulala kwa woga. Hao ni wa daktari wa mifugo, na mara nyingine dawa hutangulia ili kujifunza kuwezekane. Muulize daktari kama dawa anayoiandika inapunguza woga au inalegeza mwili tu, kwani zipo zinazomlaza mbwa huku hofu ikibaki ndani vile vile. Za binadamu usimpe kwa kubahatisha.

Tandiko la safari

Baada ya mwezi mmoja au miwili ya mazoezi nyumbani, tandiko lenyewe limekuwa ishara kama neno, pengine yenye nguvu zaidi, kwa sababu lina harufu ya masaa mengi ya kulegea. Usilifue kwa sabuni yenye manukato makali. Likichafuka, maji na sabuni kidogo. Kama ni la kitambaa, kata kipande cha kumtosha kulaza kidevu na miguu ya mbele, ukae nacho kwa mazoezi nyumbani wiki nzima, ndipo ukiweke kwenye mkoba.

Kituo cha kwanza cha nje kisiwe chumba cha kusubiria kwa daktari. Kiwe ua, kisha mbele ya geti pasipo na wapita njia, kisha ukingo wa uwanja, mita nyingi kutoka kwa wengine. Kila pahali papya anza kama mwanafunzi wa siku ya kwanza: kimya, punje kila sekunde 3, bila neno, mpaka nyonga ianguke. Siku ya kwenda kwa daktari ikifika, omba kusubiri nje au kwenye kona iliyo mbali na mlango, tandika kipande kile, na uhesabu pumzi kwa sekunde 15 kabla hujasema lolote. Zikiwa zaidi ya 8, na hapana joto, funga mdomo wako na uendelee kuweka punje.